Barnabé Aliyesomea Udongo

Wazazi, ndugu, majirani na walimu waliofundisha na marehemu, kama kuna mtu hapa kilioni asiyeamini kwamba Muteba, aliyeacha shule mwaka wa pili wa sekondari, anaweza kusoma karatasi nzima bila kujikwaa, basi asogeze kiti karibu asikilize, akinikamata na uongo nitamwachia pikipiki yangu, na mnajua vile ninavyoipenda. Familia ilitafuta msomaji mwenye sauti, ikanipata mimi, mdogo wa marehemu, na kwa kuwa historia ya marehemu haipendi neno "mimi", humu ndani Muteba nitamwita Muteba, kama mtu mwingine, ingawa mwingine wa namna yake Kolwezi nzima hamna.

Mpendwa wetu Barnabé Mulumba alizaliwa Lubudi, siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa kwanza wa Tata Mulumba, mfanyakazi wa reli, na wa Mama Kabemba, mkulima na muuzaji wa mihogo pale stesheni, na Mama anasema kwamba tangu alipoanza kutambaa alikuwa akila udongo kuliko watoto wote wa mtaa, wakamkataza, akaendelea, mpaka wakaacha kupoteza nguvu zao.

Alisoma shule ya msingi Lubudi kuanzia 1997 hadi 2003, familia ikahamia Kolwezi, akasoma sekondari hapa mjini, na Julai 2009 akapata diplome ya serikali kwa asilimia sabini na moja, na siku ile, kwa kuwa poda ya kumwagia aliyefaulu ilikuwa imekwisha madukani, Mama alichukua unga wa bukari, yaani ugali wetu, akammwagia wote kichwani, akacheza naye barabarani kutoka kwetu hadi kanisani na kurudi, na sisi wengine tulikula samaki bila bukari siku mbili, hatukulalamika.

Oktoba mwaka huohuo alipanda treni kwenda Lubumbashi, chuo kikuu, kusomea jiolojia, na Muteba, aliyekuwa bado mtoto wa miaka kumi na mitatu mwenye mdomo wa miaka arobaini, alimwuliza kwa nini mtu asafiri kwenda kusomea kitu kilicho chini ya viatu vyake, na Barnabé akacheka, akamwambia ndiyo sababu yenyewe. Alimaliza mwaka 2015, akarudi na farde ya bluu, jalada lenye vyeti vyake, na kwa miaka mitatu aliibeba farde ile mlango kwa mlango kwenye makampuni ya migodi, akiambiwa aache karatasi, naye akaziacha nyingi kiasi kwamba Muteba alimshauri afungue duka la kuziuza. Wakati huo Muteba alikuwa kreza, anachimba shaba kwa mikono na wenzake, alishaezeka nyumba ya Tata kwa mabati mapya, na hakuacha mtu yeyote asahau.

Tarehe 3 Septemba 2018 Barnabé alianza kazi ya kufundisha jiografia na kemia katika shule moja ya hapa mjini, na hakuwafundisha wanafunzi ndani ya kuta tu, aliwatoa nje mpaka kwenye kingo za barabara zilizokatwa na mashine, akawaonyesha tabaka za udongo, moja nyekundu, moja nyeupe, moja ya majivu, kama mtu anayewaonyesha wageni picha za harusi yake.

Harusi yenyewe ilifanyika tarehe 21 Agosti 2021, alipomwoa Mamie, mshonaji, na siku ya posa alipeleka ukweni jiwe la kijani alilolisugua mwenyewe mpaka likang'aa kama jicho la paka, wakwe wakalipitisha mkono kwa mkono kwa heshima kubwa, kisha wakauliza mbuzi yuko wapi. Mbuzi aliletwa na Muteba. Mungu aliwajalia watoto wawili, Zéphirin mwaka 2022 na Fidélie mwaka 2024, na jioni baba yao alikuwa akiwaosha miguu yeye mwenyewe, taratibu, akiwaeleza kila tope lilitoka upande gani wa mji.

Novemba 2024 miguu yake mwenyewe ilianza kuvimba, waganga wa hospitali wakaona figo zimechoka, akalazwa mara nne, na katikati ya kulazwa kwa tatu na kwa nne, Jumapili tarehe 10 Agosti mwaka huu, alikuwa nyumbani familia ilipokaa kikao juu ya Mignonne, kitindamimba wetu, aliyepata diplome kwa asilimia sabini na sita na kutaka naye chuo kikuu, jiolojia ileile. Tata alisema, "Farde moja ilitosha hii nyumba. Mignonne ajifunze kushona kwa Mamie." Mignonne alikwenda kukaa chini karibu na mkeka wa kaka yake, akamwuliza, "Yaya, kaka yangu, bila kunidanganya, masomo ilikusaidia?"

Barnabé akasema, "Kazi yenye nilitafuta sikuipata, mudogo wangu. Lakini tangu nirudi, hakuna siku nilikanyaga huu udongo bila kujua niko nakanyaga nini."

Tata akasema hayo hayaliwi na bukari, akamgeukia Muteba, mwenye mabati, ili akate neno, naye Muteba akajipiga kifua, akasema, "Mi shaba naisikiaka na pua. Ni profesa gani alinifundisha?" Watu wakacheka, kikao kikaisha, Mignonne akaenda kuosha vyombo.

Barnabé alirudi hospitali tarehe 19, na Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, saa nne asubuhi, alituacha, akiwa na miaka thelathini na minne. Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia tangu Jumatano, walimu wenzake, na wanafunzi waliokuja kwa miguu wakiwa na sare zao.

Hapa karatasi imekwisha, na nilitakiwa kumuaga nikae, lakini kuna sehemu niliiruka, nitaisema bila karatasi, na sasa nitasema "mi".

Munajua ile Jumatatu ya Februari 2020, shimo letu lilipoanguka na hakukuwa mtu ndani, kwa sababu mi niliwazuia wenzangu sita kushuka, na tangu siku ile munaniita Pua. Pua haikusikia kitu. Jumapili iliyotangulia, misa ilipoisha, Yaya aliniletea chakula kule shimoni, akaingia kidogo mulangoni mwa shimo, akaweka kiganja kwenye ukuta, akachora tabaka chini kwa kijiti, akasema, "Ule udongo mweupe umeinama kwenye shimo, na maji ya mvua iko inapita juu yake. Musishuke siku tatu." Nilimtukana, nikamwita mwalimu wa chaki. Lakini niliogopa, na kesho yake nikawaambia wenzangu nimesikia harufu ya kifo. Wale sita ndio hawa watakaombeba leo. Wanasikia sasa hivi, pamoja nanyi.

Yaya alijua ninavyojisifu, miaka mitano, hakunisahihisha hata mara moja. Siku ya kikao, Tata, uliponipa neno, Yaya aliniangalia. Hakuwa na hasira, alikuwa ananingoja tu. Mi niliangalia simu.

Chuo kikuu wanaandikisha mpaka mwisho wa mwezi ujao, Tata. Yaya Barnabé, lala salama, nimeshasema.