Gurudumu la Mbele la Kiti cha Yeyo

Jumamosi. Wingu limekaa juu ya Kitengela tangu asubuhi, na baridi, lakini hata tone halijaanguka. Leo nilisimama mbele ya kikundi chetu cha wanaotunza wagonjwa nyumbani. Sijui kama niliongea vizuri. Naandika vile nilisema.

Ndugu zangu, shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo nikikosea mnivumilie. Mama yangu, Yeyo, alipooza miguu nikamtoa kwetu Kajiado nikamleta hapa. Barabara yetu ya mawe ikavunja gurudumu dogo la mbele la kiti chake. Fundi akasema la saizi hiyo hana. Miezi miwili Yeyo alikaa ndani akiangalia ukuta wa jirani. Kila asubuhi ananiuliza, "Ng'ombe wamepita?" Namwambia bado. Hapo ukutani, ng'ombe atapita wapi?

Mpwa wangu akanifungulia akaunti kwenye mtandao mmoja wa kijamii, kwa simu yangu, nitafute gurudumu huko. Hauna mwenyewe mmoja. Kila kikundi kiko na boma lake, na maboma yanapelekeana habari. Nikaupenda, ni kama kwetu. Basi nikafanya kama kwetu. Nikaandika salamu, nikaeleza mvua, nyasi, afya ya watoto. Kwetu, nawaambia, mgeni haingii akiomba. Anapeana habari mpaka aulizwe, "Na wewe, ni nini imekuleta?"

Nikangoja kuulizwa. Wiki tatu! Watu wananijibu, "Asante mama, hata huku kumenyesha." Mmoja akanitumia picha ya mbuzi wake. Nikalia jikoni, nikasema hawa wana roho ngumu. Lakini wacha niseme ukweli: hakuna aliyeninyima. Sikuwa nimeomba mtu.

Mpwa wangu alisoma yote akashika kichwa.

"Anti, umesalimia Kenya nzima! Sasa kiti kiko wapi?"

"Si wataniuliza?"

"Hawatakuuliza. Omba!"

Niliona haya, kama mtu ameingia kwa watu bila kubisha. Tukapima gurudumu kwa rula, tukapiga picha, nikaandika: "Naomba gurudumu dogo kama hili, la kiti cha mama yangu. Niko Kitengela."

Kabla ya saa sita nikajibiwa na mtu wa Kware, wa boma lingine kabisa, simjui. Alikuwa na kiti cha marehemu baba yake. "Njoo uchukue magurudumu yote mawili, mama. Nilikuwa nashindwa kuyatupa." Mwingine, sijui hata ni wa wapi, akanieleza hatua kwa hatua vile nati inafungwa.

Jana nikamsukuma Yeyo mpaka uwanja ulio nyuma ya ploti. Ng'ombe wakapita kweli. Akawaangalia mpaka vumbi likatulia. Halafu akasema, "Sio wetu," akageuza uso upande wa Kajiado.

Nawashukuru hao watu, na mpwa wangu, na nyinyi mliokuwa mkinishikia Yeyo nikienda sokoni. Ukiwa na shida, itaje mapema. Na ukiona mtu huko anasalimia sana, tafadhali, muulize amekuja na nini.

Hapo nikakaa. Walipiga makofi, labda kwa huruma.

Jioni tumekula ugali, sukuma na maziwa lala. Yeyo ameonja maziwa akasema hii ni ya pakiti. Lakini amemaliza kikombe.