Kifaa Kilichochomwa kama Hirizi

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu kidogo, maana sauti yangu hupungua nguvu nikifika katikati ya habari hii. Bwana apewe sifa! Naitwa Eliwaza, ni mkunga katika kituo cha afya huku Mbagala. Nimesimama hapa kwa sababu vijana wengi wa ushirika huu wananifuata baada ya ibada na swali lile lile: "Da Eli, mlipataje wafadhili wa utafiti? Na sisi tuna wazo letu." Ndugu zangu, nitawaeleza. Lakini siwezi kueleza habari ya ufadhili nikairuka habari ya mtoto aliyekufa, kwa hiyo mnivumilie.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa njiti, yaani kabla ya miezi yake kutimia. Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha ya kumtunzia joto. Sisi tunafuta jasho, yeye anapoa. Wakati ule sikuwa nimesomea ukunga. Hospitali walinifundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha wakaturuhusu. Asubuhi moja ya masika, mvua ikipiga bati, nilimlaza kitandani nikaenda kukoroga uji. Niliporudi alikuwa ametulia. Nilishukuru. Nilidhani amelala!

Ndugu zangu, mtoto anayepoa halii. Hilo ndilo baya kuliko yote. Angelia, mama angekimbia. Yeye ananyamaza tu, na mama anasema leo mwanangu mtulivu.

Baada ya kumzika ndipo nilipokwenda kusomea kazi hii. Miaka ikapita nikiwa wodini, nikiwaona wengine wakiletwa vilevile, wametulia. Siku moja alikuja kijana anayeitwa Kelvin, mhandisi, mwalimu wa chuo, mtu wa Mbeya, kututengenezea mizani ya kupimia watoto. Nikamwambia, "Mwalimu, mtoto anayepoa halii. Huwezi kumtengenezea kilio?" Akanitazama, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Dada, nipe muda," akasema.

Alirudi na kitu kidogo kama kifungo cha koti. Unakifunga kiunoni kwa mtoto, kikigusa ngozi. Ngozi ikipoa, kinalia pii, pii, pii mpaka mama amrudishe kifuani. Nililia siku ile. Nilijua ndicho nilichokikosa.

Sasa wanangu mnaotafuta wafadhili, sikilizeni hapa. Mfadhili wa utafiti hatoi fedha kwa sababu una huruma au una shida. Anatoa tangazo: tunatafuta utafiti wa jambo fulani. Wewe unaandika andiko la kuomba fedha, na swali lake la kwanza ni, uko na nani? Chuo cha Kelvin kina mafundi lakini hakina wagonjwa. Kituo chetu kina wagonjwa lakini hakina mafundi. Wote wawili hatukuwa na maabara ya kuthibitisha kwamba kifaa kinasema kweli. Tulikataliwa, tukaandika tena, tukakataliwa tena. Mlango ulifunguka pale chuo kikuu kimoja cha nje chenye maabara kilipokubali kushirikiana nasi. Tukapata kibali cha maadili ya utafiti, tukapata ruzuku ndogo ya majaribio, na tukaambiwa tukifanya vizuri tunaweza kuomba ile kubwa, ya kufikisha kifaa vituo vingine.

Kwenye andiko palikuwa na sehemu inayouliza jamii itashirikishwa vipi. Tuliandika sentensi moja: jamii itaelimishwa. Tukapita. Tukafurahi!

Kifaa kilihitaji kifuko kisipate jasho. Kelvin akatafuta kitambaa kisichoonyesha uchafu. Akanunua cheusi. Fundi cherehani akashona vifuko vidogo, kila kimoja na kamba yake nyeusi ya kufunga kiunoni.

Nawasikia mnavyoguna. Ndiyo, guneni. Sisi hatukuguna. Tulikuwa tunajua kilichomo ndani, basi hatukukiangalia tena kwa nje.

Miongoni mwa akina mama wa majaribio alikuwa Salome, anayeuza mitumba pale sokoni Rangi Tatu. Mwanawe aliitwa Neema. Kile kifaa kilishamlilia zaidi ya mara moja, na Salome akawahi. Mtoto akaanza kujaa mashavu. Kwa furaha Salome akamleta kanisani kushukuru, kanisa nililokuwa nikisali mimi mwenyewe. Jumapili hiyo nilikuwa zamu kituoni.

Mzee Ndimbo, kiongozi wetu wa maombezi, alimpokea mtoto ili amwombee. Wakamfungua khanga, mkono ukagusa kiuno.

"Mama, nini hiki?"

"Kifaa cha hospitali, mzee."

"Hospitali gani inafunga watoto kitambaa cheusi kiunoni?"

Kabla Salome hajajibu, kifaa kikalia. Mtoto alikuwa wazi, chini ya mafeni. Pii, pii, pii! Watu wakaruka nyuma. Mmoja wa wahudumu akapaza sauti, "Hirizi yenye betri! Wachawi wa siku hizi wamesoma!" Kanisa likacheka, likapiga makofi, likakemea. Wakakata kamba, wakakipeleka nyuma ya kanisa pale zinapochomwa hirizi za watu waliofunguliwa, wakakitupa motoni.

Salome aliniambia baadaye kwamba aliona aibu. Angebishana vipi na watumishi mbele ya watu wote? Na angekujaje kwangu kuomba kingine? Wangesema amerudia uganga. Akakaa kimya nyumbani kwake. Siku chache baadaye aliletwa kituoni kwa bodaboda, Neema yuko ndani ya khanga. Nilimpokea mimi. Nilimgusa miguu, na sikuhitaji kugusa pengine.

Salome akaniuliza, "Amelala, eti?"

Ndugu zangu, nisaidieni kuomba. Kila nikifika hapa naona uso wake.

Siwezi kusema kwa uhakika kwamba kifaa kingemwokoa. Watoto njiti hufa kwa mambo mengi. Ninachojua ni kwamba hakukuwa na kitu cha kumlilia.

Habari zikaenea Mbagala yote. Kwamba wazungu wanafunga watoto hirizi. Wengine wakasema ni sisi wauguzi tuliomtoa kafara yule mtoto ili tupate fedha. Akina mama wakarudisha vifaa, mmoja akakitupa chooni. Tulitoa taarifa ya kifo kama sheria za utafiti zinavyotaka, na majaribio yakasimamishwa. Wenzetu wa nje wakauliza, mbona jamii haikujua? Kelvin akaniambia, "Dada Eli, mie narudi kufundisha. Basi." Akazima simu.

Na mimi nikaacha kanisa. Nisiwafiche. Nilishindwa kusema amina mahali ambapo Mzee Ndimbo anaongoza maombi. Nilipokuwa napiga magoti nyumbani, neno lililokuja ni moja tu: kwa nini? Nilikwenda kazini, nikarudi, nikalala. Siku zile zilikuwa kaburi.

Aliyenitoa humo ni Salome. Matanga yalikuwa yamekwisha. Alikuja nyumbani, akakataa kiti, akasema, "Jumapili unanipeleka kanisani."

"Kufanya nini, Salome?"

"Kuna mama pale ana mapacha njiti. Mumewe kavifungua vile vifaa kwa maneno ya watu. Wangu keshakwenda. Hao bado wapo."

Nikamwambia siwezi, sitaweza kumtazama yule mzee.

"Sikuombi umsamehe mtu, Da Eli. Nakuomba ubebe kifaa."

Bwana asifiwe kwa mwanamke huyu! Nilikwenda kwa mchungaji kwanza, kwa hofu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika uso, akasema, "Jumapili madhabahu ni yenu."

Salome alisimama mbele na mkasi. Akachukua kifuko cheusi kama kile kilichochomwa, akakipasua mbele ya wote. Akamwaga kilichomo kwenye sinia. Hapakuwa na karatasi ya maandishi, wala mzizi, wala unywele. Palikuwa na betri na nyaya nyembamba. Nikakichukua nikakigusisha kwenye chupa ya maji ya baridi. Pii, pii, pii!

"Huu ndio mlio wa siku ile," Salome akasema. "Kilikuwa kinasema Neema anasikia baridi."

Mzee Ndimbo alishuka kutoka kwenye kiti chake. Mtu mzima yule, na suti yake, alikaa sakafuni miguuni pa Salome. Kisha akasema, "Binti yangu, nilisikia mtoto analia, nikakikemea kilio."

"Ndiyo, baba. Ulikikemea," Salome akajibu.

Na hapo baba wa mapacha akainuka kwenye benchi za nyuma. "Nesi," akaniita, "vyetu mnavyo bado?"

Ndugu zangu, nilifunguliwa pale. Sikupiga kelele wala sikuanguka. Nilisikia tu kwamba naweza kupumua, na nikasema amina kwa sauti, na Mzee Ndimbo akaisikia. Neema hakurudi. Wala sitawadanganya kwamba maumivu yaliisha. Lakini Mungu alinitoa kaburini nikiwa hai, na alimtumia mama aliyefiwa.

Majaribio hayakurudi siku ile, na mapacha walilindwa kwanza kifuani, ngozi kwa ngozi. Kulikuwa na kibali cha kuomba upya na maswali mengi. Kelvin aliwasha simu. Mzee Ndimbo akaenda mwenyewe kwa imamu wa msikiti wa jirani, wakakaa pamoja kwenye kamati yetu. Akina mama wakakataa kitambaa cha aina yoyote. Wakataka kifuko cha plastiki angavu, kila mtu akione kilichomo. Lilipotoka tangazo la ile ruzuku kubwa, ile sehemu ya jamii tuliiandika pamoja nao. Wafadhili walipotuita kutuhoji, aliyejibu maswali mengi ni Salome, na Kelvin akitafsiri. Tulipata. Leo kifaa kiko Mbagala, kiko Kigamboni, kinaelekea kwingine. Mapacha wale sasa wanakimbia. Ukiwaacha karibu na ndoo ya maji, wanaimwaga.

Asante Bwana Yesu! Asante kwa Salome. Nawe uliyekataliwa andiko lako, uliyezimiwa simu, usikate tamaa. Mtumaini Mungu, andika tena, tafuta wenzako wenye kile usichokuwa nacho. Wapo.

Lakini kabla hujaandika tena, fanya hivi. Kichukue kifaa chako, au hata mchoro wake, umpelekee mtu mmoja atakayeishi nacho nyumbani kwake. Mpe mkononi bila kumweleza chochote. Muulize, "Unaona nini hapa?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.