Nesi wa Basi la Headingley

Kwenye basi la kwenda Headingley, kitongoji cha jiji la Leeds huko Uingereza, nilikaa nyuma ya Winifred Ackroyd, mwigizaji mzee ambaye Leeds nzima ilimzoea akiwa nesi katika tamthilia ya televisheni. Mwanamke mmoja akaketi kando yake, akamkazia macho, akasema, "Sista, wewe ndiye uliyemshika mama yangu mkono akikata roho."

"Mimi si nesi, mwanangu. Nilikuwa naigiza tu. Labda uliniona kwenye televisheni."

"Kwetu hatukuwa na televisheni. Ulimwimbia mpaka akatulia."

Winifred akamgeukia. "Kabla ya tamthilia," akasema polepole, "nilikwenda wodini kuangalia manesi wakifanya kazi, ili nijue kuigiza. Kulikuwa na bibi mmoja. Nilidhani amesinzia, nikaondoka."

"Basi ni wewe."

"Au nimeigiza vifo vingi hadi vimenichanganya. Mama yako alikuwa na nywele nyekundu?"

"Nyeusi. Lakini sauti ni yako."

"Niliimba nini?"

Basi likasimama. Mwanamke akainuka, akaanza kuimba kwa sauti ya chini huku akishuka. Winifred akamfuata, akitikisa kichwa, nami nikabaki sijui kama anakubali au anakataa.