Mashine Iliyokusubiri: Maneno ya Wahudumu wa Wodi ya Wasiojiweza

Mgeni rasmi, mganga mfawidhi, wauguzi wenzetu, na nyinyi mnaotusikiliza mkiwa vitandani,

Karibuni. Viti mlivyokalia tumevibeba sisi asubuhi. Ni vyepesi sana.

Sisi ni nani

Ndio tunaowageuza wasioweza kujigeuza, tunaowaogesha, tunaowatoa kitandani na kuwaketisha kwenye kiti cha magurudumu. Hatukufundishwa kunyanyua mtu. Tulipoajiriwa tuliulizwa tu kama tuna nguvu.

Tunachojivunia

Wagonjwa wetu hawana vidonda vya kulalia. Basi, ni hicho tu.

Yaliyotupata

Mgeni rasmi, mashine ya kunyanyulia wagonjwa unayoizindua leo ilifika kabla ya mvua. Tulishangilia kama watoto. Msimamizi wetu akaifungia chumba cha pili, na nailoni yake mwilini. Tulimwendea tukamwomba ianze kazi.

"Subirini mgeni rasmi," akasema. "Mkiichafua, atazindua nini?"

Ukaahirisha kuja. Ukaahirisha tena.

Katika kusubiri huko, mwenzetu tunayemwita Greda kwa nguvu zake alikuwa zamu akimhudumia mzee mmoja, seremala aliyepooza upande. Alimkumbatia ili amhamishie kwenye kiti. Magoti ya mzee yakalegea.

"Niachie nianguke, mwanangu."

"Nikuachie uende wapi, baba?"

Hakumwachia. Alimrudisha kitandani taratibu, akamfunika, kisha yeye ndiye akaenda chini. Tulipokuja kumpokea zamu tulimkuta sakafuni anajaribu kutucheka tulivyotaharuki, kicheko kikagoma. Miguu haikumsikia tena.

Msimamizi alituambia, "Angeita mwenzake."

Mwenzake yupi? Zamu ile alikuwa peke yake wodi nzima.

Tunachoomba

Kifaa kikifika, kifanye kazi siku hiyohiyo. Utepe unakatika hata kwenye mashine yenye madoa. Asiyejiweza asinyanyuliwe na mtu mmoja. Tufundishwe. Tupatiwe hata shuka za kumtelezeshea mgonjwa, tusimvute kwa makwapa. Na anayeumia humu ahesabiwe kuwa ameumia kazini, asiambiwe mgongo wake umeharibiwa na uzazi, kama alivyoambiwa Greda, ambaye bado ana mtoto wa kubebwa.

Mgeni rasmi, ratiba inasema tukimaliza kusoma utaonyeshwa mashine ikimnyanyua mgonjwa. Mgonjwa huyo ni Greda. Amelazwa humuhumu, kitanda cha dirishani. Hatukumshawishi. Alisema mwenyewe, "Niwekeni mimi. Nataka anione nikining'inia."

Atakapokuwa juu, tunakuomba usipige makofi. Msogelee, umsalimie.

Mungu akujalie uzee wa kujigeuza mwenyewe kitandani. Ukishindwa, akupe mtu asiyekuachia.

Ni sisi tuliobaki wima,
Wahudumu wa Wodi ya Wasiojiweza