Ndugu Traugott Lindner na Bakuli la Kura

Ndugu Traugott Ehrenfried Lindner alizaliwa tarehe 14 Machi 1751 hapa hapa Gnadenbrunn, katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha rangi, mtoto wa kwanza wa mfuma kitani Christoph Lindner na mkewe Judith. Kwa desturi ya jumuiya yetu ya Kikristo kila Ndugu huandika maisha yake mwenyewe ili yasomwe siku atakapozikwa, na marehemu aliandika. Aliandika kurasa mbili. Neno "Mwokozi" limo mara arobaini na moja. Neno "dada" halimo hata mara moja, ingawa dada huyo alimpikia supu miaka thelathini na sita. Kwa hiyo wasifu huu umeandikwa upya na dada yake, Rosina Lindner, na ndiye anayeusoma. Mchungaji aliuona jana akaomba ufupishwe. Haukufupishwa.

Tangu utotoni marehemu alikuwa mcha Mungu, hasa kazi ilipokuwa nzito. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, na Rosina minane, walipewa zamu ya kuteka maji kisimani. Marehemu akasema, "Tusigombane. Tumwachie Bwana aamue." Akakata mabua mawili, akayaficha kwenye ngumi, atakayevuta fupi ndiye ataenda. Rosina alikwenda kisimani siku kumi na moja mfululizo, tena wakati wa barafu. Siku ya kumi na mbili mama yao akaikamata ile ngumi akaifungua. Mabua yote mawili yalikuwa mafupi.

"We Traugott! Bwana ndiye aliyeyakata haya?"

"Mama, mimi nilishika tu."

Alichapwa, kisha mama akacheka, na Rosina naye akacheka. Walidhani ni utoto.

Alisoma katika shule ya wavulana ya jumuiya kuanzia mwaka 1758 hadi 1765. Hesabu ilimshinda, Kilatini kikamkimbia, lakini kwa kuomba hadharani hakuwa na mpinzani. Aliposhindwa mtihani alimweleza mwalimu kwamba Bwana hakupenda kumjalia. Mwalimu akamjibu kwamba Bwana alimjalia wiki mbili na kitabu.

Mwaka 1774 alikabidhiwa ghala la kitani, na tarehe 3 Juni 1779 aliingizwa katika baraza la wazee na kupewa bakuli la kura alitunze. Wageni waliokuja kuzika pengine hawalijui. Ni bakuli la mti lenye karatasi tatu zilizokunjwa: moja imeandikwa Ndiyo, moja Hapana, na moja ni tupu, maana yake ngojeni. Jambo zito likiletwa, wazee husali, mmoja huvuta, na kilichotoka ndicho alichosema Bwana. Marehemu aliuliza kila kitu. Aliuliza kama paa la ukumbi litengenezwe, ikatoka tupu. Mwaka uliofuata akauliza tena, tupu. Mwaka 1782 paa likaanguka juu ya viti vya akina dada waimbaji, na ashukuriwe Mungu ilikuwa Jumanne, hapakuwa na mtu. Marehemu alisema Bwana ameliangusha. Seremala alisema boriti zilioza tangu zamani, na kwamba mwenye macho haambiwi tazama.

Isidhaniwe kwamba dada yake anaikejeli imani. Rosina anaamini kwamba Bwana ni Bwana na hakuna lililo nje ya mkono wake. Ndiyo maana ilimchefua kuona mkono huo unafanywa kichaka cha kujifichia. Kwingine duniani anayesingiziwa ni shetani; hapa Gnadenbrunn tulikuwa na mtu aliyemsingizia Mungu, na tulimwita mzee.

Marehemu alifunga ndoa na Dada Benigna Hartwig tarehe 6 Mei 1781. Alipouliza mara ya kwanza kama amwoe, ilitoka Hapana. Wiki moja baadaye akauliza kama aoe binti yeyote wa nyumba ya Hartwig, ikatoka tupu. Mara ya tatu akauliza kama ni vibaya kumwoa Benigna. Ikatoka Hapana, naye akatangaza kwa machozi kwamba Bwana ameridhia. Benigna alikuwa mwanamke mwema kuliko stahili ya mumewe. Alifariki tarehe 9 Januari 1783 akimzaa binti yao, Anna Salome. Marehemu alimlilia kweli. Dada yake alikuwapo na anashuhudia.

Wakati huo mfinyanzi Matthes Kühnel alikuwa amemposa Rosina, na Rosina amekubali. Ilibaki kura tu, maana siku hizo kwetu hapakuwa na ndoa bila kura. Tarehe 1 Machi 1783, siku ya kuvuta, wazee wenzake wawili walikuwa wamelala kwa homa. Marehemu akasema Bwana haugui, akaingia chumbani na bakuli peke yake. Alipotoka alikuwa ameinamisha kichwa.

"Dada yangu, pokea mapenzi ya Bwana. Ni Hapana."

"Hapana kabisa, au ngoja?"

"Hapana."

"Nionyeshe karatasi."

"Loo, Rosina! Unataka kumkagua Mungu?"

Rosina akanyamaza. Hiyo ndiyo aibu yake katika habari hii, na anaitamka mwenyewe kabla hajatamkiwa. Matthes aliomba kazi ya misheni akapelekwa Surinam, ng'ambo ya bahari, na huko alikufa kwa homa tarehe 2 Novemba 1784. Barua ilipofika, marehemu aliweka kijiko chini akasema, "Unaona? Bwana alikuwa anakuepusha na ujane." Kisha akaomba aongezewe supu.

Rosina akahamia kwa kaka yake akamlea Anna Salome. Mpaka leo, akiwa na miaka sitini na mitano, kofia yake ina utepe wa rangi ya waridi, alama ya wasioolewa, na wasichana wanaufanyia mzaha. Utepe si kitu, na hata kukosa mume watu huzoea. Lakini kwa miaka thelathini na sita aliamini kwamba Mungu alimtazama yeye, Rosina, akasema hapana. Alisali kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyokwisha kufukuzwa. Hicho ndicho alichoibiwa.

Marehemu alianza kuugua Novemba mwaka jana. Maji yalijaa miguuni, yakapanda tumboni. Bado alikuwa na nguvu za kulalamika kwamba kura ya ndoa imeondolewa na kwamba sasa watu watajichagulia wenyewe kama kuku. Alhamisi tarehe 25 Februari 1819, baada ya chakula cha mchana, alimshika dada yake mkono.

"Rosina, ile karatasi ya Matthes."

"Imefanyaje?"

"Ilikuwa Ndiyo."

Marehemu akaendelea upesi.

"Mtoto alikuwa na wiki saba, ningefanyaje? Lakini fikiri, dada yangu. Kama Bwana hakutaka niseme vile, si angenizuia? Hata lile lilikuwa katika mpango wake."

"Koma, Traugott! Unakufa, na bado unamtwisha Mungu mzigo wako?"

Hapo ndipo alipolia. "Basi ni mimi. Niliogopa utaniacha. Ni mimi, Rosina. Nisamehe."

Rosina aliinuka, akalishusha bakuli kutoka rafuni, akaliweka juu ya blanketi. "Haya, tumwulize Bwana kama nikusamehe."

"Usinifanyie hivyo."

"Si ndiyo njia uliyotufundisha miaka arobaini? Mbona leo unatetemeka?"

Akalitikisa, akavuta karatasi moja, akaifumbata kiganjani. Marehemu akauliza, "Inasema nini?" Hakujibiwa. Akauliza tena, na tena, mpaka birika likachemka. Wengi mlioketi hapa mmewahi kungoja hivyo mbele yake. Rosina anakiri kwamba alimngojesha makusudi na kwamba ilimpendeza. Halafu akamwambia, "Inasema Ndiyo." Marehemu akashusha pumzi, akalala. Alifariki kesho yake, Ijumaa, saa tatu asubuhi, nanyi mlisikia matarumbeta yakitangaza kifo chake.

Ameacha binti, Anna Salome, mkwe, wajukuu wanne, na dada mmoja, ambaye tangu Alhamisi ile anasali kama mtu anayetarajiwa.

Ile karatasi Rosina hakuikunjua. Aliitia motoni ilivyo. Ile Ndiyo aliyompa kaka yake ilikuwa ya Rosina mwenyewe, na haikumtoka kwa urahisi. Kama Bwana ana jibu lingine, yeye ni Bwana, na atampa Ndugu Traugott uso kwa uso, pasipo bakuli. Apumzike kwa amani. Hilo nalo dada yake hakulipigia kura.