Kimenyi Faustin, Fundi wa Antena wa Mbugangari

Papa Kimenyi alizaliwa tarehe 9 Mei 1971 huko Rutshuru, Congo, mtoto wa nne wa Mzee Nshuti na Mama Murekatete. Alisoma primaire, shule ya msingi, hapo hapo, kisha miaka miwili ya ufundi wa umeme Goma. Mwaka 1996 familia ilirudi Rwanda, ikakaa Mbugangari.

Kazi yake ilikuwa kufunga antena za sahani. Alipenda kueleza: setilaiti ya televisheni iko mbali, kilomita elfu thelathini na sita juu, inazunguka sawasawa na dunia, ndiyo maana inaonekana imesimama. Zile za chini, zinazopiga picha za mawingu na mashamba, zinapita mbio. Mama Mukashyaka wa Cyanzarwe aliwahi kugeuza sahani yake itazame Kigali.

"Si habari zinatoka Kigali?"

Papa alicheka sana. "Bon, zinatoka Kigali, Mama, lakini zinapanda kwanza juu ndio zishuke kwako. Rudisha ile kitu!"

Tarehe 18 Julai 1998 alifunga ndoa kanisani na Mama Mukantwari.

Figo zilianza kumsumbua Februari mwaka huu. Mwezi wa nane hakuweza tena kupanda ngazi, alikaa chini akimwelekeza mwanafunzi wake Rwema: "Kushoto kidogo. Kidogo, nimesema!" Alifariki hospitalini Jumatano, 11 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Manzi, kifungua mimba wake, dereva wa lori, alipata habari akiwa Dodoma. "Musimuzike Papa bila mi," alisema. Lori lina kifaa cha kuonyesha njia, Papa mwenyewe alikifunga. Tangu Alhamisi jioni kinaonyesha pale pale, mbele ya Kahama, na simu ya Manzi haipatikani. Leo Ijumaa Mama anauliza kila mara.

"Iko wapi sasa?"

"Kahama, Mama," tunamjibu.

"Bado?"

Baba mdogo Nzabonimpa ameshauri polepole tusiandike kwanza majina ya watoto aliowaacha, hadi tujue kama Manzi yuko hai. Lakini Papa alitufundisha: setilaiti za njia, zile za katikati, hazituoni. Zinatuma saa tu. Kifaa chenyewe kinahesabu kiko wapi, halafu kinatuambia kwa mtandao wa simu. Kikikosa mtandao, kinanyamaza, hata kama gari linatembea.

Kwa hiyo tumeandika. Ameacha mjane, Mukantwari. Watoto wawili, Manzi na Belise. Na mjukuu, Akaliza.

Pumzika kwa amani, Papa. Kesho tunakuzika, lakini kaburi halitafunikwa kabla ya saa kumi na mbili jioni, tukimngoja Manzi.