Papa Ézéchiel Mwepu na Kibao cha Bustani ya Gare

Papa Ézéchiel Mwepu alizaliwa Mulongo tarehe 12 Machi 1931, mtoto wa tatu wa marehemu Isaïe na marehemu Agar, wavuvi. Yeye samaki hakumtaka, alitaka kupanda. Baba yake alimcheka mpaka akachoka.

Alisoma kwa Wamethodisti hapa Kamina, akapata cheti mwaka 1949. Mwaka 1952 aliajiriwa kutunza bustani ya mji, mbele ya gare, stesheni ya treni. Mshahara ulikuja kukatika, yeye hakukatika.

Humo bustanini alimkamata msichana Tamar Tshiala akikanyaga majani ili afupishe safari. Akamrudisha mpaka mlangoni aanze upya, kwa njia. Mama Tamar alikasirika wiki nzima. Tarehe 6 Agosti 1955 walifunga ndoa.

Vita ilipoanza 1998, wakimbizi walijaa bustanini. Walianika nguo juu ya maua, wakawasha moto kwenye majani. Papa hakumfukuza mtu. Aliwafungia kamba ya nguo, akawaonyesha pembe ya kupikia. Lakini kukata mti, hapana!

Novemba mwaka ule askari walikuja na mashoka, wakitafuta miti ya kuchoma makala, makaa ya kupikia. Kibao cha mlangoni kilikuwa kimeandikwa "Défense de couper les arbres", yaani ni marufuku kukata miti, ila kutu ilikuwa imekula maneno mengine yote, likabaki "Défense" peke yake, neno ambalo kwa Kifaransa pia ni ulinzi wa nchi. Sergent Likoke akasimama, akauliza kama bustani ni ya jeshi. Uongo mmoja tu ungeokoa miti yote, na watu walimkonyeza Papa aitikie. Jamani, Papa alikuwa mgumu.

"Hapana, shefu," akasema. "Hii Défense haiko ya jeshi. Iko yangu. Minyi njo nakataza." Yaani, ni yeye mwenyewe aliyekataza.

Akaenda kukaa chini ya mti wa kwanza. Mama mmoja mkimbizi akakaa chini ya wa pili, halafu bustani nzima ikakaa. Likoke aliwaangalia sana. Mwishowe akaamuru askari wake watoke, tena wapite njiani.

Kifua kilimwanza Februari 1999. Kitandani alikuwa akiuliza nani amemwagilia maua. Alifariki nyumbani tarehe 4 Juni, asubuhi, Mama Tamar akimshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Tamar. Watoto wanne, Amédée, Lise, Cyprien na Béthanie. Wajukuu kumi na mmoja. Na miti ishirini na sita, yote imesimama.

Bandugu, tukitoka makaburini tutapitia bustani. Kibao hakisomeki tena, kwa hiyo tunawaomba hapa hapa: tupite njiani.

Pumzika kwa amani, Papa. Sasa siye njo tunakataza.